Kilo Tisini

Datsun ya mwaka sabini na mbili, rangi ya papai lililoiva kupita kiasi,
baba aliinunua kwa fungu la mikarafuu isiyozaa
na ahadi mbili. Moja bado anadaiwa.
Tuliiburura kwa kamba hadi uani, juu ya sakafu ya kuanikia,
saruji aliyoipiga babu, sawa kama maji kwenye sinia.
Mwaka ule Wete karafuu zilikuwa chache. Nafasi ilikuwapo.

Kasi haiongezwi, alisema baba, kasi inaachiliwa.
Kinachoizuia ni vitu.

Basi tukavitoa vitu.
Kiti cha nyuma. Zulia. Bampa zote mbili.
Hita (nani aliyeleta hita Pemba?).
Kaka Ame na tindo, mimi na ndoo,
mzani wa karafuu ukining'inia mlangoni,
kila kipande kikapimwa, kikatiwa daftarini.
Honi tu ilisalimika: Bi Mtumwa, bibi yetu, alisimama mbele yake na birika la chai.
"Mmemvua nguo mwana wa watu," akasema, "na sauti pia mwataka?"

Ndani ya mlango wa kushoto, chini kabisa,
tukakuta karafuu kavu, konzi moja hivi,
zilizopenya enzi gari ikibeba magunia usiku,
na hakuna aliyeuliza usiku wa mwaka gani.
Gramu mia na ishirini.
Baba aliandika, kisha akazirudisha palepale.

Injini ndiyo iliyotushinda, mpaka akaja mama.
Mama hajui gari. Mama anajua uzi.
Miaka ishirini na sita ya kanzu na sare za skuli
imemwachia ncha za vidole zisizodanganyika,
na macho ya baba siku hizi yana ukungu.
Alikichukua kile kipimo chembamba cha valvu,
akakipenyeza, akakivuta, akafumba macho:
"Hii inabana.
Hii imelegea kama mshono wa mkesha wa Idi."
Valvu nane, mchana mzima, wali ukaungua.
Kisha akavuta uzi mweusi, gurudumu la nyuma hadi la mbele,
akachuchumaa, akasema tairi la kulia
linatazama pembeni kama mchumba.
Kweli, lilikuwa likitazama.

Ijumaa, baada ya sala, machimbo ya kifusi nyuma ya Limbani:
mapipa manne, mstari wa chokaa,
saa ya michezo tuliyoazima skuli.
Niliendesha mimi, kwa kuwa mimi ni mwepesi.
Sababu hiyo tu, alisema Ame. Nikamwachia.

Mzunguko wa kwanza, sekunde arobaini na tatu.
Wa pili, arobaini na moja:
kwenye pipa la tatu mkia uliteleza
na mikono yangu ikaurudisha kabla sijaiomba.
Baba hakutazama. Aliugeukia ukuta wa mawe,
sikio moja kaliziba kwa kidole,
la pili akisikilizia kama mtu anayehesabu pesa gizani.

Wa tatu hauna hesabu.
Tak. Kimya. Kisha vumbi langu mwenyewe likanifikia.
"Cheni ya taiming," akasema baba, bila kugeuka,
na nikamsikia anacheka.

Kurudi ni mlima.
Bi Mtumwa, aliyekuja kupunga upepo tu, alikataa kutembea.
Akakaa kwenye kiti pekee kilichobaki, akashika usukani,
sisi wanne nyuma, mabega kwenye bati la moto.
"Bibi, kwani una kilo ngapi?"
"Mtu mzima haulizwi uzito wake. Sukumeni."

"Andika," baba akaniambia huku anahema, shavu juu ya buti.
"Kilo tisini zilitoka. Sabini zimerudi."
Mama akasema sabini na tano, yeye ndiye anayemshonea.

Na kwa kila tuliyekutana naye njiani,
mwenye baiskeli, mwenye ng'ombe, watoto wa chuoni,
bibi alipiga honi.